Hiyo tiyo inayong'aa, itoe karibu na moto

Ndugu wa Bukavu, simama kwanza. Unataka kuanza uhunzi, na umeuliza fuawe (chuma cha kufulia juu yake) upate wapi, makaa gani, nyundo ya kilo ngapi, mafuta gani ya kupozea chuma cha moto, na kama majirani watavumilia kelele. Katikati ukapitisha juujuu kwamba umeshanunua tiyo (bomba) ya maji ya galvanize: kipande cha kupulizia upepo kwenye jiko la kufulia, na kinachobaki ukifulie ndoano zako za kwanza. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Fuawe itangoja.

Galvanize ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye digrii 420 hivi na kuchemka kwenye 907. Chuma cha kufua unakitaka kiwe rangi ya chungwa, digrii 1000 kwenda juu. Kwa hiyo kabla chuma hakijalainika, zinki imeshachemka na kupanda hewani, na aliyeinama juu yake akisubiri rangi ni wewe. Utaona ulimi wa moto wenye ukijani, moshi mweupe mzito, halafu vinyuzi vyeupe vinaelea kama pamba na kukutua mikononi. Kwenye chuma chenyewe unabaki unga wa manjano unaogeuka mweupe ukipoa. Ukifika kuuona huo unga, umeshavuta.

Na hausikii kitu hapo hapo. Unafunga kazi, unaoga, unakula. Baada ya muda wa saa 4 hadi 10 ndiyo inaanza: ladha ya chuma mdomoni, koo kavu, kikohozi, kifua kubana, kisha homa na baridi ya kutikisa kitanda. Sasa huku kwetu mtu akitetemeka usiku ni malaria, hakuna mjadala. Unameza dawa ya malaria, na kwa kuwa homa ya zinki kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya saa 24 hadi 48, unapona, unaisifu dawa, na Jumamosi unarudi na tiyo ileile. Ukienda hospitali wakupime malaria, sawa, lakini waambie ulivuta moshi wa zinki. Na kifua kikizidi kubana usihesabu saa, nenda.

Waliokushauri nawajua kwa maneno yao. "Kunywa maziwa kwanza." Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni, wataonana wapi? "Ichome nje mpaka zinki iishe." Huko kuichoma ndiko kunakoleta moshi, mzee! "Vaa maski." Ile ya kitambaa inazuia vumbi la barabara, moshi wa zinki unapita humo bila kubisha hodi. Na anayenikera kuliko wote: "Fundi fulani anachomelea galvanize kila siku na ni mzima." Mwili wa anayeuvuta kila siku huzoea kidogo, kisha mazoea hayo yanapotea kwa mapumziko ya siku mbili tu, ndiyo maana viwandani homa hii inajulikana kwa kupiga Jumatatu. Wewe unayefua Jumamosi kwa Jumamosi hutazoea kamwe. Kila wiki ni mgeni. (Msiniulize kwa nini nalijua jambo hili kwa undani hivi. Maziwa sinywi tena.)

Basi kanuni ni moja: chuma usichoijua ngozi yake hakiingii motoni. Sisi wa Lubumbashi tuna Kipushi jirani, zinki inachimbwa hapo, na bado watu wanadanganyika kwa sababu tiyo ikizeeka inapoteza mng'ao. Angalia mabaka ya kijivu yenye maua maua. Kutu yake ni unga mweupe, siyo mwekundu. Dondosha siki penye wasiwasi: ikitoa vipovu haraka, kuna zinki. Kuiloweka kwenye siki hadi iishe, nje kutatoka, ndani ya tiyo na kwenye meno yake itabaki. Bolti zenye rangi ya dhahabu ziache kabisa. Baadhi zimevikwa kadimiamu, metali nyingine, na moshi wa hiyo unaua.

Upepo upitishe kwenye tiyo nyeusi, isiyovikwa zinki, ukuta wa milimita 3, au finyanga mrija wa udongo. Wayeyusha shaba wa zamani hapa Katanga walitumia udongo wa kichuguu. Wewe Bukavu tafuta ule wa matofali: udongo mbili, mchanga moja, uviringishe kwenye mpini wa fagio uliofungwa gazeti, unene wa vidole viwili. Chomoa mpini ungali mbichi. Kausha kivulini wiki nzima, kisha upashe kwa makaa machache kabla ya kupuliza. Ukiwa na unyevu ndani, mvuke utaupasua, na vipande vinaruka.

Cha kufua, anza na nondo nyeusi ya milimita 10 au 12. Itakuwa ngumu hapa na laini pale, lakini kwa ndoano inafaa.

Fuawe: kipande kinene cha chuma juu ya gogo kinatosha. Reli ni nzuri, ila usinunue reli inayouzwa usiku. Nyundo ya kilo moja. Hayo mengine wenzangu watakujibu, mimi bado nawaza hiyo tiyo. Mrudishie muuzaji, na akikataa, isimike shambani, maharage yapande juu yake.