Kabla Mteja Hajatoa Kishika Uchumba (Malipo ya Awali): Kwenu Mnaoanza Kazi ya Mauziano ya Ardhi

Vijana wengi wanaoanza kazi hii katika ofisi za mawakili hapa Dar es Salaam huja na hofu moja, hati feki. Hofu hiyo mtaizoea haraka. Ukipeleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, daftari litakwambia mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki na kama kuna mtu ameweka zuio, yaani pingamizi la kuzuia uhamisho. Kilichoandikwa kwenye nakala ya muuzaji hakifanani na daftari? Funga faili, mwambie mteja arudi na pesa yake nyumbani.

Kazi yenyewe inaanza pale hati ni halali, jina ni la muuzaji, daftari ni safi, na bado mteja wako anaweza kushtakiwa baada ya miaka mitano. Ndiyo maana nawafundisha kuuliza: ukimtoa huyu anayeuza, ni nani mwingine anaweza kusimama akadai haki hapa?

Wa kwanza ni mke au mume. Hati nyingi zina jina moja tu, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inalinda haki hiyo. Muuzaji akisema "mama watoto yuko Songea, anajua kila kitu," mpigie simu huyo mama, kisha asaini ridhaa mbele ya wakili wa huko aliko. Akileta kiapo kwamba hajaoa, kipokee, halafu nenda mtaani ukaulize kwa mjumbe na majirani nani analala kwenye nyumba ile. Mwenye wake wawili, mimi huwa nataka saini za wote wawili hata kama nyumba anaishi mmoja. Wengine wataniona nazidisha. Sawa.

Mirathi ndiyo inayokula muda wangu zaidi kuliko yote. Baba amefariki, hati bado ina jina lake, na kaka mkubwa anakuja na muhtasari wa kikao cha ukoo uliopigwa muhuri wa mtaa. Muhtasari ule ni pendekezo tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Kwa hiyo omba barua ya uteuzi, kisha uende mahakama iliyoitoa ukaone jalada lenyewe. Humo ndimo utajua kama uteuzi haujatenguliwa, kama kuna pingamizi, kama kiwanja kimo kwenye orodha ya mali za marehemu, na warithi ni akina nani hasa. Mara nyingi utakuta jina ambalo hakuna aliyelitaja mezani, mtoto wa nje au binti aliyeolewa mkoa mwingine. Msimamizi anauza kwa niaba ya hao wote. Wakusanye, wasaini kwamba wanajua bei na wameridhia. Kukiwa na mrithi mdogo, uliza sehemu yake inakwenda wapi. Kisha jina la msimamizi lisajiliwe kwenye hati kwanza, ndipo uhamisho uende kwa mnunuzi. Hatua hiyo watu hupenda kuiruka, na uhamisho unakwama kwa msajili pesa ikiwa tayari imeliwa.

Shamba la kijijini lina mlango wake. Hapo mwenye sauti ni Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauzo yaliyofanyika bila idhini yake. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Taka muhtasari wa kikao kilichojadili mauzo hayo, wenye majina ya wajumbe waliohudhuria. Mijini, kwenye viwanja ambavyo havijapimwa, ofisi ya serikali ya mtaa inashuhudia tu. Muhuri wake hauwezi kumpa mtu milki ambayo hakuwa nayo.

Halafu nendeni uwanjani, tena na mpima ardhi. Bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, huhamishwa, huzikwa chini ya kifusi, au hukutwa ndani ya ukuta wa jirani. Mpima akifufua mipaka kwa kufuata ramani ya upimaji ndipo mtajua kama kiwanja mnachooneshwa na dalali ndicho kilichomo kwenye hati. Hapo hapo pimeni na barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kufika mita 30 kila upande, lakini msikariri namba hiyo: mwaka 2017 nyumba za kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa sababu hifadhi ya Barabara ya Morogoro eneo lile ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Waliovunjiwa wamo waliokuwa na nyaraka mkononi. Kwenye mto, ziwa na bahari, mita 60 za ukingoni si za kujenga.

Kodi ya pango la ardhi ya nyuma na rehani ni mambo ya hesabu tu: yakatwe kwenye bei, yalipwe moja kwa moja kwa anayedai. Ridhaa na usimamizi vikikosekana vinatafutwa, hata kama ni miezi. Ila milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili, pamoja na kiwanja kilichomo hifadhini au chenye kesi Baraza la Ardhi, mshaurini mteja aachane navyo, hata bei iwe tamu vipi. Bei ikiwa tamu mno, jiulizeni muuzaji anakimbia nini.

Mkiandika mkataba, gaweni malipo yafuate kazi: sehemu siku ya kusaini, sehemu kibali cha uhamisho kikitoka, na kiasi cha maana kibaki hadi jina la mnunuzi liingie kwenye daftari. Mkishasaini tu, wekeni zuio kwa msajili siku hiyo hiyo. Muuzaji akikataa masharti haya, muulizeni sababu, na jibu lake mliandike kwenye faili.