Je, sajini ni ofisa?

SWALI: Binti yangu yuko kambi ya Makutupora ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Wazazi wenzangu wamenipa kazi ya kuandika risala ya siku ya kufunga mafunzo. Nimeandika "tunamshukuru ofisa aliyewanoa vijana wetu", maana wote wanamtaja sajini mmoja. Jirani, mwanajeshi mstaafu, anasema sajini si ofisa. Ni kweli? Na afisa mteule je?
Mzazi, Area C, Dodoma

JIBU: Jirani yuko sahihi. Uraiani tuna ofisa ugani, ofisa mtendaji, ofisa kila kitu. Jeshini mpaka ni kamisheni, yaani idhini ya Rais inayomfanya mtu kuwa ofisa. Rais anapowatunuku kamisheni wahitimu wa chuo cha kijeshi cha Monduli, wanakuwa maofisa kwa cheo cha Luteni Usu. Walio chini yao ni askari, hata wenye vyeo: Koplo Usu, Koplo, Sajini (wengine huandika Sajenti) na Sajinitaji. Ofisa huvaa cheo begani, akianza na nyota. Hawa wana tepe mkononi, koplo mbili, sajini tatu. Taji la Sajinitaji ni lile linalokaa juu ya tepe tatu katika jeshi la Uingereza.

Lakini usimdharau huyo sajini. Koplo huongoza seksheni, kikundi kidogo cha askari, na sajini ni msaidizi wa kamanda wa platuni, yenye seksheni kadhaa. Luteni Usu aliyetoka chuoni juzi hutoa amri, ila anayejua kuruta gani buti limemchubua na yupi anajitia mgonjwa kukwepa kwata ni sajini. Ukaguzi wa hanga (bweni la askari) alfajiri, usafi wa silaha, gwaride: vyote vinapita mikononi mwake.

Afisa mteule ndiye anayechanganya watu. Yuko juu ya Sajinitaji na chini ya Luteni Usu, ana madaraja mawili, na jina la "afisa" analo bila kamisheni. Usishangae pia kumsikia akiitwa sajini meja wa kombania, yaani kundi la platuni kadhaa. Hayo ni madaraka yake, wala hana uhusiano na cheo cha Meja.

Wapo wanaoandika "maafisa wasio na kamisheni". Maana inafika, ila unampa mtu uafisa kisha unamnyang'anya papo hapo. Mimi huandika "askari wenye vyeo". Na "afande" isikupoteze: kuruta humwita hivyo hata Koplo Usu.

Kwenye risala andika: "Tunawashukuru maofisa, askari na watumishi raia wa kikosi hiki, na kwa namna ya pekee Sajini…", kisha jina lake.