Mjusi wa Tendaguru: majarida mawili dhidi ya moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Tatu hapa Lindi mjini. Kundi letu tumepewa mradi wa darasa kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake iko Berlin, Ujerumani. Nimejiandikisha kwenye majarida matatu ya mtandaoni yanayokuja kwa barua pepe. Mawili yanasema mifupa iliibwa usiku mmoja mwaka 1914, vita ilipoanza. La tatu, ambalo halina hata picha, linasema ilichimbwa 1909 hadi 1913. Wenzangu wanasema wawili wanashinda mmoja. Tena moja linamwita Brachiosaurus, jingine Giraffatitan. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shika hilo lisilo na picha. Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale tangu 1909 hadi 1913. Mzigo wa tani zipatazo 250 ulibebwa na watu kwa miguu hadi bandarini Lindi, ukapakiwa melini kwenda Ujerumani. Tani 250 usiku mmoja! Hata wanunuzi wa kangomba, wale wa korosho za magendo, hawana kasi hiyo.

Nimezisoma aya ulizoniletea. Majarida yote mawili yameandika “Tendaguro”, na yote yamesahau nukta mahali palepale. Basi hapo huna mashahidi wawili, una mmoja na aliyemnakili. Chukua sentensi moja nzima, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu, uone ilianzia wapi. Na lile la pili lina kitufe cha kulipia safari ya watalii chini kabisa. Kuuza safari si kosa, lakini mwenye safari anapenda hadithi ya wizi wa usiku kuliko hadithi ya wapagazi wa miaka minne.

Kuhusu majina, hapo hakuna mwongo. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Jina Giraffatitan lilipendekezwa 1988, na mwaka 2009 utafiti mwingine ukaonyesha kuwa huyu wetu na Brachiosaurus wa Marekani ni wa jenasi mbili tofauti, yaani makundi mawili ya wanyama wanaokaribiana lakini si wamoja. Andikeni yote mawili, na kila jina liwe na mwaka wake.

Usidhani nakucheka. Nilipoanza kufundisha Nachingwea niliandika ubaoni kwamba mifupa inayosimama Berlin ni ya mnyama mmoja. Nilikuwa nimeitoa kwenye kipande cha gazeti, sikuuliza zaidi. Msichana wa dawati la nyuma akataka kujua nimejuaje. Nikamwambia akae chini. Kumbe kiunzi kile, kilichosimamishwa 1937, kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Hadi leo naona haya.

Tazama pia kama jarida limemtaja Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. La tatu limemtaja, na limesema limemtoa kitabu gani. Lakini hata hilo msilimeze zima: mwandikieni mwenye jarida awape ukurasa, kisha mkaombe maktaba ya mkoa iwasaidie kukipata.

Na zile picha nzuri za jarida la kwanza msizibandike kwenye bango lenu. Mjusi wa pale ana meno ya kurarua nyama. Wetu alikuwa anakula majani.