Siri ya kura kwa mpigakura asiyeona

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mama yako, aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, anaweza kupiga kura bila watu wa kituoni kujua amemchagua nani. Nami sioni, hivyo nakujibu kwa niliyoyapitia: anaweza, ila mjiandae nyumbani mapema.

Anzeni na msaidizi. Sheria yetu ya uchaguzi hapa Tanzania inamruhusu asiyeona kuingia kwenye kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri, na mtu aliyemchagua mwenyewe, ilimradi asiwe msimamizi wa kituo, msaidizi wake, wala wakala wa chama. Mwaka 2015 sikulijua hilo. Kijana aliyenisindikiza aliambiwa abaki nje, kisha mtumishi mmoja wa kituo akanishika mkono na kuniuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la mawakala, "Mzee, tukuwekee kwa nani?" Nikataja jina. Nilisikia kalamu ikikwaruza, karatasi ikakunjwa, nikapewa nikaitumbukiza sandukuni. Lakini hadi leo sijui alama ya vema iliwekwa mbele ya nani, ilhali chumba kizima kilijua nilichokitaka. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujaniisha.

Tarehe 28 Oktoba 2020 nilikwenda na binti yangu, nikaomba jalada la nukta nundu, yaani lenye maandishi ya kupapasa kwa vidole. Lilikuwapo, ila lilikuwa bado ndani ya mfuko wake chini ya meza, na nadhani lingebaki humo kama nisingeliomba kwa jina. Karatasi ya kura huchomekwa ndani ya jalada hilo, na kila mgombea ana tundu lake ambalo kidole hulipapasa na kalamu hupita. Wagombea urais walikuwa 15, na binti yangu alikuwa amenisomea mpangilio wa majina yao mara kadhaa hadi nikaukariri. Nilihesabu matundu mara mbili, nikaweka vema kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa ubunge na udiwani alinisaidia yeye.

Huenda mama hasomi nukta nundu, kama wengi wetu tuliopofuka ukubwani. Hilo lisiwakatishe tamaa, kwa kuwa matundu huhesabika bila kusoma chochote: kata matundu kwenye kipande cha boksi, weka karatasi chini yake, mfanye mazoezi jioni mbili tatu. Foleni isiwatishe, maana wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Mwambieni karani mara mtakapofika.

Jalada likikosekana, ingia naye wewe. Akunong'oneze sikioni, na kabla hamjakunja karatasi, ongoza kidole chake mpaka kwenye alama uliyomwekea.