Muulize Fundi: Diski zenye matundu zitanisaidia kushuka Lushoto?

Shikamoo fundi. Mi nipo Tanga mjini, Chumbageni, nina Impreza WRX ya 2003, manyuo. Mwezi uliopita tulienda harusi Lushoto, kupanda ilikua raha tupu, tabo inalia kila kona, ila kurudi sasa, tumeshapita Soni pedali ya breki ikaanza kuzama, nakanyaga inaenda mpaka karibu na kapeti, na harufu ya kuungua imejaa ndani, mke wangu akasema simamisha nishuke mi ntapanda basi. Tulikaa pembeni kama nusu saa ndio pedali ikarudi. Toka siku ile nikibana breki nikiwa spidi 80 na kitu usukani unatetemeka. Fundi wangu anasema diski zimepinda. Kuna jamaa anauza seti ya diski za STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, zenye matundu na mistari, zinang'aa balaa, na mwingine ananiambia nisipoteze hela, nichukue hizi zangu nikatobolewe matundu kwa mtu wa karakana Ngamiani. Nishauri nisije nikaua watu.
Kijana wa Subaru, Chumbageni

Marahaba mwanangu, pole, na mkeo mpe pole zaidi yako maana alikua na akili kuliko dereva.

Tuanze na hiyo pedali, kwa sababu umeitaja ukapita zako ukakimbilia diski, wakati kesi nzima ipo hapo. Breki zikizidiwa na moto zinakuja kwa namna mbili. Ya kwanza, pedali inakua ngumu ileile ya kila siku, unakanyaga kwa nguvu zote ila gari haisimami, hapo ujue brek pedi zimechemka zimepoteza mshiko. Ya pili ndio yako, pedali inakua laini inazama. Hayo ni mafuta ya breki yamechemka yakatoa mvuke ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea, kwaiyo mguu wako ulikua unabana mapovu. Ndio maana mlipokaa nusu saa yakapoa pedali ikarudi kama hamna kilichotokea. Sasa niambie, tundu kwenye diski linamsaidiaje mtu ambae mafuta yake yamechemka?

Na mafuta ya breki yanavuta unyevu, hata kwenye gari iliyopaki tu, na sisi hapa Tanga hewa yenyewe unaijua, ukifua nguo asubuhi mpaka jioni bado inakuambia subiri. Mafuta yana madaraja yake, DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 ndio ichemke, ikishavuta maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikishachoka. We ulinunua gari kwa mtu, nina uhakika hujui yale mafuta yaliwekwa lini. Fungua kile kikopo uangalie, yakiwa na rangi ya chai ya rangi basi jibu umepata.

Alafu kuna hesabu nataka uione. Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 32 hivi na unashuka karibu mita 1,000. Gari yako na watu wanne na mabegi ya harusi tuseme kilo 1,700. Ule uzito kushuka mita 1,000 ni sawasawa na kuitoa gari hiyohiyo spidi 100 mpaka isimame kabisa, mara 25. Mara 25! Sehemu ya hiyo kazi inaliwa na tairi, upepo na injini, ila injini inakusaidia ukiwa umeweka gia ndogo tu. Ukishuka na gia ya nne, au kama wale wanaoweka frii eti wanabana mafuta, mzigo wote umezibebesha breki na mguu haujatoka kwenye pedali tangu Soni. Gia ya pili, ya tatu pakinyooka, na breki unakanyaga kwa nguvu kidogo alafu unaachia zipumue, usizishikilie muda wote kama unambembeleza mtu.

Sasa mtetemeko. Fundi wako anasema diski zimepinda, kila gereji wanasema hivo na mi sibishani nao sana ila mara nyingi diski haijapinda. Pedi ikichemka inaacha ngozi yake juu ya diski, na haiachi sawa, inaacha mabaka, hasa kama ulisimama breki zikiwa moto na mguu ukaendelea kukandamiza pedali. Kwaiyo diski inakua nene hapa nyembamba pale, tofauti ndogo kuliko unene wa karatasi, ila kwenye usukani unaisikia vizuri tu. Sababu nyingine ni kutu kwenye habu, pale katikati ya gurudumu diski inapokalia. Wiki mbili nyuma kuna kijana kaniletea gari, diski mpya kabisa, siku ya tatu inatetemeka, anataka kumrudishia muuzaji. Nimefungua tairi nikavuta diski, nyuma yake kwenye habu kuna kutu imefanya magamba kama ya samaki, fundi aliyefunga aliibandika diski juu ya magamba akakaza nati na msalaba kwa kuupanda kwa mguu. Nilipiga brashi ya waya na msasa dakika kumi, nikafuta, nikarudisha diski ileile nikakaza nati kwa kukatisha huku na huku, mtetemeko umekwisha. Kwaiyo kabla hujanunua chochote fungua uangalie hapo.

Haya, tuseme diski zako kweli zimekwisha. Kwenye ukingo au kwenye kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, kuna maandishi madogo, MIN TH na namba, huo ndio unene wa mwisho, chini ya hapo ni chuma chakavu. WRX ya miaka yako mbele mara nyingi ni kipenyo cha milimita 294, unene 24 ikiwa mpya, na inaishia 22. Milimita mbili tu mwanangu ndio maisha yake yote, na usipime kwa macho, azima vernia, kile kipimo cha unene, na usipime pale ukingoni kwenye ule mdomo wa kutu ambao pedi haifiki, utadanganyika.

Zile za STI za yule jamaa ziache. Za kalipa za Brembo mbele zina kipenyo cha 326 na unene 30, kwenye kalipa yako haziingii hata kwa maombi, na ukitaka kuhamisha na kalipa zake itabidi uwe na rimu ya 17 na sio kila 17 itakubali. Kuna na mtego mwingine, STI mpaka ya 2004 nafasi za boliti ni 5 kwa 100, yaani boliti tano kwenye duara la milimita 100, kama yako, kuanzia ya 2005 wakahamia 5 kwa 114.3, kwaiyo mtu akikwambia "hii ya STI inaingia tu" muulize ya mwaka gani, akianza kucheka ondoka.

Matundu sasa, najua ndio ulichokua unasubiri. Zamani pedi zikipata moto zilikua zinatoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, ndio wakatoboa ipate pa kutokea. Pedi za siku hizi haziitoi kwa kiasi kile. Matundu yanasaidia kidogo kwenye maji na yanapunguza uzito, ila diski inafanya kazi kama sufuria, inabeba moto wote alafu inaupeleka kwenye hewa polepole, sasa we unataka kuipunguza chuma alafu ukashuke nayo mlima? Isitoshe nyufa zinaanzia hapohapo kwenye matundu, zinatembea kutoka tundu hadi tundu. Mistari ina afadhali, inakwangua uso wa pedi usigande, ila inakula pedi haraka na inavuma kidogo ukibana, kama unaenda mashindano sawa, kwa harusi Lushoto hapana.

Na huyo wa karakana Ngamiani, tafadhali. Hapa ntasema kwa ukali. Diski ya mbele sio sahani moja, ni sahani mbili na katikati kuna mapezi ya kupitisha hewa, mtu akitoboa na drili yake ya mezani hajui pezi lipo wapi, atapiga juu ya pezi, ataacha kingo kali, mizani itapotea, alafu we uende nayo spidi 120 kutoka Segera. Nimewahi kuishika moja ya namna hiyo, ukiweka kucha kwenye tundu unausikia ufa unaanzia pale unaelekea ukingoni. Sikuifunga, mwenyewe akanuna, akaondoka nayo.

Ningekua mimi ningechukua diski kavu, hazina tundu hazina mstari, za saizi ileile ya 294, za chuma chenye kaboni nyingi zikipatikana maana zinavumilia moto vizuri zaidi, za kampuni inayojulikana na boksi lenye namba inayolingana na gari yako, mbili kwa pamoja kulia na kushoto. Angalia mapezi ya ndani, yakiwa yamenyooka hazina upande, yakiwa yamepinda basi ya kulia sio ya kushoto, ukisimama pembeni ya gari ukitazama sehemu ya juu ya diski, pezi likitoka katikati kwenda ukingoni lilale kuelekea nyuma ya gari. Watu wengi wanafuata mwelekeo wa ile mistari ya nje wanafunga kinyume. Hela itakayobaki weka kwenye pedi nzuri na mafuta mapya ya DOT 4, utoe upepo magurudumu yote manne mpaka rangi ibadilike.

Ukishafunga usiende kujionyesha. Tafuta barabara tupu asubuhi, ile ya kwenda Pangani inatosha, piga spidi 60 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, alafu tembea dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Hapo pedi inapaka ngozi yake sawasawa kwenye diski.

*

Fundi habari, nakaa Raskazone karibu kabisa na bahari, nina Altezza. Kila nikiamka diski zina kutu nyekundu na ukitoka asubuhi breki zinakwaruza. Ninunue zile zilizopakwa rangi ya fedha zisizopata kutu?
Mama Nasra

Dada, ile nyekundu ya juu ni ya usiku mmoja, ukibana breki mara tatu nne imeondoka, isikutoe hela. Diski ni chuma cha kumimina na sehemu inayosuguliwa na pedi haiwezi kubaki na rangi, hata hizo za fedha zikifungwa siku ya kwanza tu pedi inaimaliza hapo. Ila kwa anaeishi ufukweni bado mi nazipenda, kwa sababu rangi inabaki kwenye kofia na kwenye mapezi ya ndani, na kutu ya ndani ndio mbaya, inaziba njia ya hewa na huioni. Kwaiyo zikiisha hizi, chukua zenye rangi. Kinachoniogopesha kwako ni gari kulala wiki mbili bila kutembea, pedi inagandia palepale na inaacha chapa yake, utaanza kusikia du-du-du. Mpe mtu ufunguo aizungushe mpaka sokoni na kurudi.

*

Diski zangu zina mifereji, fundi anataka kuzipeleka zikachongwe. Nichonge au ninunue?
Mzee wa Muheza

Shikamoo mzee. Mwambie apime kwanza mbele yako. Kuchonga kunakula unene pande zote mbili, kwaiyo kama diski ya 24 ambayo mwisho wake ni 22 imebaki 22.6 na mifereji ina kina cha nusu milimita kila upande, ukitoa hiyo inabaki 21.6 na umeshapita mwisho wake. Ikibaki 23 na kitu chonga, hamna neno, ila zichongwe zote mbili za mbele siku moja. Na pedi za zamani zisirudi, hata kama bado nene, zina mifereji yao zenyewe.