Barua kwa mwanangu: awamu ya kwanza imepita, chuo kinafunguliwa Jumatatu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Bodi ya Mikopo imetangaza awamu ya kwanza, wenzako wameona mikopo waliyopangiwa kwenye akaunti zao za maombi, kwako hakuna kitu, na chuo kinafunguliwa Jumatatu. Unauliza uende Dodoma au uahirishe mwaka mpaka mambo ya Bodi yaeleweke.

Nenda, mwanangu, ukajisajili.

Hilo neno la kuahirisha linazungumzwa mitaani kirahisi mno. Katika vyuo vingi, anayeahirisha ni mwanafunzi ambaye tayari amesajiliwa, akaandika barua yenye sababu na kukubaliwa. Ambaye hakuripoti hana alichoahirisha: nafasi yake imepotea. Mwakani ataomba udahili upya, ataomba mkopo upya, atalipa tena ile 30,000 ya maombi. Na Bodi inapokea waombaji waliomaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5, kwa hiyo mwaka unaokaa nyumbani nao unahesabika. Jambo zito zaidi ni kwamba fedha za mkopo hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa, aliyefika chuoni na kusaini. Jina likitoka awamu ya pili au ya tatu wewe ukiwa huku, fedha hiyo haina wa kuisaini na itarudi Bodi.

Sasa kwa nini hukuonekana? Kabla ya kulia, fungua mwenyewe akaunti yako ya SIPA, ile ya mtandaoni ambayo Bodi humfungulia kila mwombaji, kwa nywila yako, usome kilichoandikwa humo. Usitegemee orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, wala usitegemee mwenye steshenari akusomee. Ukikuta akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu au barua pepe ya yule kijana wa steshenari, hilo ndilo la kumaliza leo, kwa sababu kila taarifa ya Bodi inaenda kwake na siku ukisahau nywila utamtafuta yeye. Badilisha ziwe zako.

Faili la mwombaji hukwama katika sehemu chache zinazojulikana, na kila sehemu ina dawa yake.

Ya kwanza ni udahili. Bodi hainyooshi mkono kumpa mkopo mtu ambaye haijathibitishiwa yuko chuo gani. Taarifa hizo zinatoka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi anatakiwa athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Asipothibitisha, au akithibitisha siku za mwisho, jina lake linachelewa kufika Bodi, na awamu ya kwanza inampita hata kama fomu yake haina kasoro. Aliyedahiliwa katika awamu ya pili ya udahili naye ni hivyo hivyo. Wewe ulichaguliwa viwili. Angalia kwenye akaunti yako ya udahili kama uthibitisho umepokelewa, na kama ulithibitisha hicho cha Dodoma. Kama umefikiria kuomba uhamisho wa chuo au wa kozi, ujue kwamba mkopo hautahama siku moja na wewe. Taarifa lazima zisafiri kutoka chuo hadi TCU hadi Bodi, na huko njiani ndiko wengi hukaa muhula mzima bila senti.

Ya pili ni majina na namba. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyotumia kuombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hapo ndipo mifumo inashindwa kuwatambua: Bodi inamjua kwa namba hii, chuo kinamjua kwa ile. Wewe hukurudia, lakini cheti chako cha kuzaliwa kinasema Rehema na cheti cha shule kinasema Rehema na jina la babu. Kama kwenye maelezo ya SIPA wamegusia majina, tuanze na hati ya kiapo kwa wakili na tuipakie.

Ya tatu, na hii ndiyo inayoangusha watu wengi, ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwa halisi. Kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, au na ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Cheti cha kifo cha mzazi nacho ni hivyo hivyo. Wapo wanaopakia cheti chenyewe wakaacha uthibitisho wa uhakiki. Wapo ambao vyeti vyao ni vya zamani na havionekani katika mfumo wa RITA, na hao inawabidi warudi ofisi ya msajili wa wilaya, jambo ambalo haliishi kwa siku mbili. Fomu nayo ina sehemu za watu wengine: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mdhamini, wakili au hakimu. Saini bila muhuri ni kasoro. Picha ya mdhamini iliyosahaulika ni kasoro. Karatasi iliyopigwa picha ya simu gizani mpaka muhuri hausomeki ni kasoro pia, hata kama muhuri upo.

Dirisha la maombi linapofungwa, Bodi huwa inatoa siku chache kwa wenye nyaraka pungufu warekebishe. Siku hizo hazisubiri mtu. Kwa hiyo ukiona kasoro yoyote kwenye akaunti, nipigie saa hiyo hiyo, usisubiri jioni.

Na kuna uwezekano wa nne: kila kitu kiko sawa, wewe uko kwenye foleni. Bodi huwapanga waombaji kwa uhitaji. Yatima, mwenye ulemavu aliyethibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF, hawa hutangulia. Pia wanaangalia ulisoma wapi na nani alilipa. Wewe ulisoma sekondari binafsi kwa ufadhili wa parokia. Mfumo hauwezi kujua hilo bila barua. Mfumo unachokiona ni ada kubwa, nao unahitimisha kwamba nyumbani kuna uwezo. Hapa ndipo ninapokuomba uangalie kwa makini kuliko pengine pote: je, ile barua ya ufadhili ilipakiwa, na inasomeka?

Awamu zote zikipita na hujapata, au umepata kidogo mno, kuna rufaa. Inafanyika mtandaoni kwa muda ambao Bodi itautangaza. Rufaa nyingi hukataliwa kwa sababu mtu anarudia maneno yale yale ya fomu kwa huzuni zaidi. Kinachobadilisha uamuzi ni karatasi mpya: barua ya ufadhili iliyokosekana, cheti cha kifo kilichohakikiwa, fomu ya ulemavu, uthibitisho wa TASAF, barua ya mzazi kuachishwa kazi. Anza kuzikusanya sasa, kabla rufaa haijafunguliwa.

Akikutokea mtu akasema ana ndugu Bodi na kwa laki moja atalisukuma faili lako, huyo ni kishoka. Usimpe hela, na zaidi usimpe nywila.

Tuje kwenye fedha za kuanzia. Hata waliopata awamu ya kwanza hawatakuta hela mkononi Jumatatu. Chuo kinasajili, kinapeleka orodha ya waliosajiliwa Bodi, Bodi inatuma fedha, ndipo mnasaini na bumu, yaani fedha ya kujikimu, linaingia benki. Kila hatua ina foleni yake. Mimi ningepanga wiki sita bila bumu. Chakula cha kujibana, 5,000 kwa siku, kwa siku 42 ni 210,000. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka, na ile ada ya TCU ya udhibiti ubora ni 20,000. Hapo tumefika 280,400 kabla ya chumba na nauli. Ukiwa na kadi ya bima inayotumika, peleka nakala yake usajili, usilipe mara mbili.

Ada ni habari nyingine, maana mkopo wa ada hauji kwako, unakwenda chuoni moja kwa moja. Na hutolewa kwa asilimia. Chukua mfano ada ni 1,300,000 na umepewa nusu: familia inabaki na 650,000, yaani 325,000 kila muhula. Ndiyo maana usikimbilie kulipa ada yote kwa hela ya kukopa wiki ya kwanza. Lipa kiwango cha chini kinachokuruhusu kusajiliwa, kisha nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na dawati la mikopo la chuo, ueleze kwa barua kwamba maombi yako yapo Bodi, uambatishe risiti, uombe muda. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Itakusaidia siku za mitihani, kwa sababu mwenye deni la ada huzuiwa mitihani au matokeo, na wakati huo hakuna anayekumbuka mlichozungumza kwa mdomo Oktoba.

Sisi huku tutachukua kwenye kikoba, ambako tunajua riba na tarehe ya kurejesha. Mikopo ya kausha damu usiiguse, hata ya simu, hata kwa wiki moja. Riba yake italila bumu kabla hujalisaini.

Likitoka, fedha ya chakula na malazi kwa kiwango kamili ni 10,000 kwa siku, na huja kwa mafungu. Saini mara tu tangazo likibandikwa. Isiyosainiwa kwa muda uliowekwa hurudishwa. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako na iwe hai. Na ujue unachosaini, maana ni deni: ukiajiriwa utakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani na faini ya 10% zilifutwa 2021, kwa hiyo wanaokutisha kwamba deni linazaa halina mwisho wanasimulia ya zamani.

Kabla ya kesho mchana nitumie picha tatu: ukurasa wa SIPA wenye maelezo ya maombi yako, uthibitisho wa chuo, na barua ya parokia kama ilivyopakiwa. Kama barua haimo, baba yako yuko tayari kwenda kwa paroko kesho hiyo hiyo akaomba nakala yenye muhuri. Tiketi ya basi kata ya Jumamosi, upate Jumapili ya kutafuta pa kulala kabla foleni za usajili hazijaanza.

Mama yako