Re: Treni ya HO na wanajeshi wa 1/72, vinaendana?

Mkuu, umeuliza kama treni yako ya modeli ya saizi ya HO itaendana na wale wanajeshi wa plastiki wa 1/72 (yaani wadogo mara 72 kuliko mtu halisi), na rangi utaipakaje isibanduke. Kuendana vinaendana, ila HO ni 1/87 kwa hiyo ukimsimamisha askari pembeni ya behewa mlango utaonekana mdogo, ukipata treni ya saizi ya OO, yaani 1/76, ndo poa zaidi na reli ni zilezile za milimita 16.5. Kama HO ndo unayo basi tumia mabehewa ya wazi yasiyo na milango, unajengea kuta kwa plastiki nyembamba au hata kadibodi ngumu, unatoboa matundu ya bunduki, juu unabandika mnara wa kifaru kibovu, tayari una treni ya kivita kama zile za vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Urusi.

Sasa rangi. Osha wanajeshi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, wakauke kabisa, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, ndo uje na rangi ya akriliki. Hiyo gundi usiiruke aisee, plastiki laini inajikunja na rangi inapukutika.

Kubadilisha kichwa au mkono usitegemee supaglu peke yake, haing'ang'anii hiyo plastiki, toboa pande zote mbili uchomeke kipande cha waya. Bunduki iliyopinda chovya kwenye maji ya moto, nyoosha, halafu maji baridi hapohapo.